Kidole Changu na Mwaka Wako

Nafula mwanangu,

Umeenda kusukwa nywele kwa Mama Akoth, na kwa jinsi ninavyomjua jirani yetu huyo na mdomo wake, hutarudi kabla chai haijapoa na kupashwa tena. Nimepata nafasi. Ningeweza kukwambia haya kesho asubuhi pale stendi, lakini stendi nitakuwa nalia au nagombana na utingo kuhusu sanduku lako, na katika hali zote mbili sitasema la maana. Basi naandika. Mwandiko usiucheke. Kalamu nimeibana kati ya gumba na kidole cha kati, kwa sababu unazozijua.

Mambo ya sweta, ya kuoga maji ya moto, ya nani wa kutembea naye na nani wa kumkwepa, sitayaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nakuru kuna baridi, utaikuta huko huko. Kazi ya kupaka rangi mabodi ya malori utafundishwa na mwenye karakana, na jicho unalo. Ninachotaka kuandika ni habari ya kile kidude cha plastiki, ule mshikio wa kopo la rangi ya kupuliza, ambao leo mchana wewe ulisimama ukanitazama nikiutumia huku umekunja mikono kifuani utadhani mwalimu wa zamu. Tangu siku ile tuliyokosana hatujauzungumzia vizuri. Kila tukianza, mmoja wetu anakumbuka kuna sufuria jikoni. Nimechoka kukumbuka sufuria.

Baba yako alipofariki ulikuwa bado unabebwa mgongoni, kwa hiyo ya mwanzo unayajua kwa kusimuliwa tu. Alikuwa akikunja bati na kutengeneza masanduku ya shule, pale nyuma ya barabara yanapopanga foleni malori ya kuvuka mpaka, nami nilikuwa nauza mihogo ya kuchemsha mbele ya kibanda chake. Alipokufa, mafundi wenzake walinipa kazi ya kuyapaka rangi masanduku yao. Ilikuwa huruma, na walidhani nitaacha baada ya muhula mmoja. Sikuacha, maana mihogo haikutosha kukulea. Nilijifunza kutikisa kopo mpaka gololi ya ndani isikike inagonga bila kukwama. Nilijifunza kuanza kupuliza nje ya sanduku, kupita juu yake bila kusimama, na kuachia nikiwa nimeshavuka upande wa pili, ili rangi isijilundike mahali pamoja ikatiririka. Masanduku yangu ya kwanza yote yalikuwa na michirizi. Kuna watu wazima leo Busia, wana watoto wao, waliokwenda bweni na masanduku yaliyoonekana kama yamelia usiku kucha, na bado wananisalimia kwa heshima.

Stensili za majina nilizikata kwenye filamu kuukuu za eksirei, zile ambazo wagonjwa huacha nyumbani zikawa hazina kazi. Ni ngumu, hazilowi, na ukizipangusa kwa mafuta ya taa zinarudi safi. Ukiwa mdogo ulikuwa unaziinua dirishani kutazama mbavu za watu, ukaniuliza kama wenyewe wanajua tunazitumia. Nikakutuma maji.

Ninyi mliozaliwa hapa mpakani hamlioni kuwa jambo la ajabu, lakini mimi bado hunichosha kulifikiria. Shule za Kenya zinafungua mwaka unapoanza, za Uganda zinafungua baadaye kidogo. Kwa hiyo tunapomaliza masanduku ya watoto wa huku, kabla hatujanawa mikono, wa kule wanaingia na yao. Fundi wa mji mwingine ana msimu mmoja kisha anapumzika. Sisi tuna miwili iliyofuatana, na kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa na kidole kimoja cha kubonyezea.

Kidole hicho nilikionea fahari, sitakuficha. Kilikuwa kigumu kwenye ncha, cheusi upande mmoja, na kilijua kopo limebaki na rangi kiasi gani bila mimi kulipima mkononi. Nilipokwenda kuchukuliwa alama za vidole za kitambulisho, mashine ilikikataa. Kijana aliyekuwa akiiendesha akakifuta kwa kitambaa, akakibonyeza tena, ikakataa. "Mama, hiki kidole hakina mistari," akaniambia. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwa kila mtu kwamba nimefanya kazi mpaka serikali haiwezi kunisoma. Watu walicheka nami nikacheka. Ningejua, siku ile ndiyo ningeanza kukihurumia.

Baadaye kikaanza kukwama. Nikibonyeza kopo kinakunjika na kubaki vilevile, mpaka nikinyooshe kwa mkono wa kushoto, kinalia ndani kama kijiti kinachovunjika, na maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Daktari alisema kipumzike. Nilimwambia ndiyo, nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kumalizia masanduku yaliyokuwa yananingoja. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza kidato cha nne. Ukaja kibandani ukanipokonya kopo bila kuniomba ruhusa, ukasema, "Shika stensili, mimi napuliza." Tangu siku hiyo ukawa kidole changu.

Nawe ulinipita upesi. Herufi zako zilisimama vizuri kuliko zangu, na ule ujanja wako wa kuweka kivuli cha rangi ya pili nyuma ya jina, mimi sikuwahi kuuweza. Watu walianza kusema wanataka sanduku la binti, si la mama. Nilijifanya nimekasirika. Moyoni nilikuwa natembea nimeinua kichwa, ila nilikuwa pia naona kitu kingine, kwamba mtu mwenye mkono kama wako hatapaka masanduku ya bati maisha yake yote. Sikukisema kitu hicho. Nilikikalia.

Halafu ukaleta ule mshikio. Ulikuwa umepeleka masanduku Nagongera, kule Uganda, siku ya soko, na kwenye kurudi ukapitia Tororo, ukaukuta kwenye duka la vipuri vya magari. Uliutoa kwenye mfuko ukiwa bado na vumbi la safari usoni.

"Mama, tazama. Hii unaibana juu ya kopo. Halafu unavuta hapa chini kwa vidole vyote vinne, yenyewe ndiyo inabonyeza. Hicho kidole chako kitapumzika."

"Sasa nimekuwa askari?" nikakuuliza.

"Jaribu tu, Mama. Jaribu kwanza ndiyo uanze."

Nilijaribu kwa hasira, na mtu akijaribu kitu kwa hasira hakikai sawa. Niliubana haraka haraka bila kuangalia kitundu cha kopo kimeelekea wapi, nikavuta, na bluu yote ikaja kwenye blauzi yangu ya kanisani. Ulikaa chini kwa kicheko. "Kitundu kilikuwa kinakuangalia wewe!" ulisema, na machozi yanakutoka. Nilipojaribu tena, nilichukua kopo tulilonunua ng'ambo ya mpaka, ambalo ukingo wake wa juu ni mpana kuliko wa makopo ya huku, na ule mshikio haukukamata. Uliruka ukaanguka kwenye vumbi. Hapo nikapata nilichokuwa nakitafuta. Nikasema ni takataka, haufai kwa makopo yetu, nikautupa kwenye debe la stensili.

Ulinieleza kwamba kopo lile silo, kwamba kuna makopo yanayokubali na yasiyokubali, na kwamba kitundu lazima kitazame mbele kabla ya kubana. Ulinieleza kwa upole. Nilikuambia usinifundishe kazi niliyokulea nayo. Ukweli ni kwamba niliona umeniletea mkongojo, nami sikuwa tayari kuitwa mzee mbele ya mafundi wa bati. Huo ulikuwa ujinga wa kawaida tu, na kama ungeishia hapo nisingekuwa naandika barua.

Unakumbuka ulipokwenda Lumino, kijijini nilikokulia, kwenye mazishi ya mjomba wangu, mimi nikabaki kwa sababu kulikuwa na kazi za watu? Siku hiyo alikuja yule Mzee Owori wa Iyolwa, mkulima mwenye kofia inayopeperushwa na upepo kila mara. Alikuja kuchukua sanduku la mjukuu wake aliyekuwa anaingia sekondari. Sanduku lilikuwa bado bati tupu.

"Mama Nafula, sanduku ya mjukuu iko wapi? Kesho mtoto nakwenda shule."

"Mzee, samahani, binti hayupo. Rudi kesho mapema."

"Kesho mapema mtoto iko kwa njia. Nakwenda na sanduku bila jina, wenzake nacheka. Wewe paka, mimi nangoja." Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaiweka gotini. Mtu akishavua kofia huwezi kumfukuza.

Nilijaribu kwa kidole, kikakwama kabla sijamaliza kifuniko. Nikajaribu kwa gumba, rangi ikatoka kwa vipande vipande kama kikohozi. Mzee akawa anatazama pembeni ili asiniaibishe. Ndipo nikainama kwenye debe nikautoa ule mshikio. Nilichagua kopo la huku, la kijani, nikageuza kitundu kikatazama mbele, nikabana mpaka nikasikia umekamata pande zote. Nikavuta kwa vidole vinne, taratibu.

Nafula, ulifanya kazi. Rangi ilitoka laini, na mkono wangu ulikuwa umeshika kitu kinene kinachoshikika, si kile kitufe chembamba kinachokula ncha ya kidole. Nilipita juu ya lile bati na kurudi, nikaachia nje kila upande, na hakukuwa na mchirizi hata mmoja. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimekaa tu na wenzake, hakifanyi kitu cha pekee. Nilikuwa na furaha pale kwa muda mfupi, furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Nikapaka jina. Mzee Owori akasimama akalizunguka sanduku.

"Eh! Hii kitu nafanya kazi nzuri. Sasa mtoto wako napata kupumzika. Hata anaweza kwenda kutafuta maisha yake."

Alisema kwa wema kabisa, hakuwa na habari. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba ungeondoka. Nikamwomba asikutajie kwamba nimetumia ule mshikio. Alinitazama akitaka kuuliza, kisha kwa kuwa ni mtu wa heshima, akalifunga sanduku lake nyuma ya bodaboda na kuondoka. Nami niliupangusa ule mshikio kwa mafuta ya taa, nikaurudisha kwenye debe chini ya stensili zote.

Uliporudi uliona sanduku la mzee halipo, ukaniuliza nimelipakaje. Nikasema, "Kwa gumba. Ningefanyaje?" Ukaacha mfuko wako mlangoni, hujala wala hujavua viatu vya mazishi, ukachemsha maji ukatia chumvi, ukauchukua mkono wangu ukaanza kuukanda. Nami nilikaa nikakuachia. Hata niliguna kidogo ulipogusa kiungo. Katika yote niliyoyafanya maishani mwangu, na nimefanya mengi ya kipuuzi, kuguna kule ndiko kunakoniamsha usiku.

Siku si nyingi baadaye simu ya Nakuru ikapigwa. Yule mwenye karakana alikuwa ameliona jina ulilopaka kwenye mlango wa lori la muumini mmoja wa kanisa letu, akauliza ni kazi ya nani. Uliipokelea uani. Nilikuwa naosha stensili, na lile debe lilikuwa miguuni pangu. Nilikusikia unasema, "Ninashukuru sana, lakini mama hawezi kazi peke yake, mkono wake ni mgonjwa. Labda mwaka ujao, kama nafasi itakuwepo." Uliiweka simu mfukoni ukasimama kidogo ukiutazama ukuta. Ningeweza kusema neno moja tu. Nilikuuliza kama utakunywa chai.

Wala siwezi kujitetea kwamba sikujua ninachofanya. Nilikijua kuliko mtu yeyote. Nilipokuwa wa umri wako, kule Lumino, nilipata nafasi ya kujifunza ushonaji Tororo, na mama yangu akasema macho yake yanakufa, nani atamchotea maji, nani atampalilia. Nikabaki. Sikubaki kwa moyo, lakini nilibaki. Basi siku moja nilirudi kutoka kisimani mapema kuliko alivyotarajia, nikamkuta amekaa mlangoni anatia uzi kwenye sindano. Aliutia mara moja tu. Aliponisikia akaiangusha ile sindano mchangani, akaanza kuipapasa. Nikaiokota nikampa. Sikusema kitu, naye hakusema kitu, na tuliendelea hivyo mpaka alipokufa. Nilimpenda, lakini kila siku nilimchukia kidogo, na zile kidogo zikajumlika. Msibani nililia kuliko ndugu zangu wote, watu wakasema nilikuwa mtoto mwema. Wewe ndiye uliyepewa jina lake. Ndiyo maana nikikuita mama, kama tunavyowaita watoto waliobeba majina ya wazee, huwa nasita.

Nilikuwa nimeapa kwamba mtoto wangu sitamfanyia vile. Kiapo ni rahisi ukiwa na vidole vizima.

Siri yangu uliigundua kwa sababu mafuta ya taa hayafiki nyuma ya kile kifyatuo, pale plastiki inapokunjika. Ulikuwa unatafuta stensili ya herufi fulani, ukautoa ule mshikio, ukaugeuza. Kwa ulivyojua wewe, ulikuwa umetumika na bluu tu, ile ya blauzi yangu, na hapo kwenye kikunjo kulikuwa na kijani. Uliuweka mezani mbele yangu.

"Mama, hii kijani imetoka wapi?"

"Kijani gani?" nikasema, na huku naiona.

Nilitegemea utapiga kelele, na ningeipenda kelele, ningejua la kufanya nayo. Ukasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ungeniambia tu kwamba unataka nibaki. Ningebaki." Kisha ukatoka nje ukaendelea kutikisa makopo.

Kwa siku kadhaa ulinijibu ndiyo na hapana. Ulipiga simu Nakuru ukaambiwa nafasi imeshachukuliwa na mwingine, usubiri itakapopatikana tena. Ukaja ukanieleza hivyo bila kuniangalia, kama unayetoa habari za hali ya hewa. Huo ndio mwaka niliokunyima. Umekwisha sasa, na simu imekuja tena, na kila mtu anasema Mungu ana wakati wake. Mimi huwa naitikia amina, lakini najua ule haukuwa wakati wa Mungu. Ulikuwa wangu.

Na katika mwaka huo huo, badala ya kunikomoa, ulinifundisha. Ulinionyesha namna ya kulishika kopo lisiegemee upande mmoja, kuvuta taratibu bila kubana kwa pupa, na kulipindua mwishoni nikapuliza hewa tupu ili kitundu kisizibe. Ulinitengea makopo yanayokubali mshikio upande mmoja wa rafu, yale ya ng'ambo yenye ukingo mpana upande mwingine. Nikikosea ulisema, "Tena, Mama," kwa ile sauti yako kavu. Sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru hapa. Samahani nayo sikuwahi kuisema vizuri, niliipitisha kwenye nyama niliyokupikia Jumapili ile, nawe ulikula ukasema imeiva. Leo naisema. Nisamehe, mama.

Sasa uchovu umenifika mkononi, lakini nimalize, kwa sababu leo mchana uliponitazama nikipaka ulisema jambo ambalo limenitia wasiwasi. Ulisema, "Nikisikia umeshindwa, Ijumaa nimesharudi." Ulisema ukitabasamu, lakini hukuwa unatania. Nakujua.

Basi nikwambie ukweli wa ule mshikio, usije ukausikia kwa watu. Unasaidia, lakini haurudishi ujana. Kidole kinapumzika, ila kopo likiwa jipya ni zito, na jioni kifundo cha mkono kinawaka. Herufi ndogo siziwezi nao, maana unakuweka mbali kidogo na kazi. Vivuli vyako nyuma ya majina havitakuwepo tena. Msimu ukija nitapaka masanduku machache, mengine yataenda kwa mafundi wengine, na watu watasema kibanda cha Mama Nafula kimepoa. Wacha waseme. Nilitaka kuandika hapa kwamba nimeridhika. Sijaridhika. Nitakula, nitalala, nitakwenda kanisani, na nitakasirika mara kwa mara, na hakuna hata moja kati ya hayo linalokuhitaji urudi.

Huko watakupa bomba la kompresa linalopuliza kwa nguvu kuliko kopo letu. Siku ya kwanza litakugomea. Utaona mkono wako unaojivunia umekuwa wa mtoto, na wale waliotangulia watacheka. Usikimbilie kusema chombo ni kibovu. Nilisema hivyo, na ona nilikofika. Pia utakuta huko mtu, mwajiri au mume au rafiki, atakayekuhitaji sana mpaka uone aibu kuondoka. Mtazame vizuri kabla hujakaa. Wengine wanaumwa kweli. Wengine wana sindano mkononi, wamesikia tu hatua zako.

Nadhani hutanisikiliza kwa hilo, maana una moyo wa baba yako. Yeye alikuwa anamkunjia bati kila aliyemlilia.

Sasa hili la mwisho ndilo nililokuwa nalizunguka tangu nilipoanza kuandika. Ninajijua. Msimu utafika, mvua itanyesha juu ya masanduku yaliyopakwa nusu, nyumba itakuwa kimya, nami nitachukua simu. Sitasema njoo. Nitasema mkono umevimba tena, au paa limeanza kuvuja, au mzee fulani amekuulizia. Nitaifanya sauti yangu iwe ndogo. Naijua sauti hiyo, niliisikia Lumino miaka mingi. Wewe ukiisikia, usifunge mzigo. Niulize jambo moja tu: "Mama, unaumwa, au umenikumbuka?" Nami nakuahidi hapa, kwa mwandiko huu mbaya, kwamba nitakujibu kweli. Nikisema naumwa, mpigie Mama Akoth aje anitazame kwanza, akikwambia ni kweli, uje. Nikisema nimekukumbuka, niambie na wewe umenikumbuka, halafu urudi kazini.

Mama yako